Kameeldoring: Mwiba wa Ngamia au wa Twiga?

Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg, na wenzao waliokwenda baadaye kulima Trans Nzoia kandokando ya Kitale, walikuja na lugha yenye majina mengi ya miti ya miba. Mojawapo ni kameeldoring. Kwa kamusi ya Kiholanzi, kameel ni ngamia. Hivyo neno hufasiriwa "mwiba wa ngamia", na Kiingereza nacho kimelichukua vivyo hivyo.

Fasiri hiyo haikubaliki. Ngamia si mnyama wa asili wa kusini mwa Afrika; alaye majani ya mti huo ni twiga. Wayunani walimwita twiga kamelopardalis, yaani ngamia-chui, kwa umbo na madoa yake. Jina lilipoingia katika Kiholanzi, pardalis ikasikika kama paard, ambayo ni farasi. Chui akageuka farasi, na twiga akawa kameelpaard. Huko Rasi jina likafupishwa, kameel peke yake ikatosha kumtaja twiga. Wanabotania walioupa mti jina la Acacia giraffae (siku hizi ni Vachellia erioloba) walilielewa neno kuliko watunga kamusi wengi.

Sehemu ya pili haina utata: doorn, "mwiba", ilitamkwa doren, kisha mwisho wake ukawa -ing, kama vile toren, "mnara", ilivyozaa toring.

Mti wenyewe ni wa nchi kame za kusini, wala si wa asili Kitale. Twiga ndio waliokuwapo: kundi la Soy, kati ya Eldoret na Kitale, lilidumu hadi miaka ya 1970, mashamba yalipogawanywa na baadhi yao wakahamishwa. Kiswahili, kwa bahati njema, kina mgunga, jina lisilomhitaji mnyama yeyote.

Bungoma nako uko mti wa miba, Erythrina abyssinica, ambao Wabukusu huuita kumurembe. Ni rahisi mno kulifungamanisha jina hilo na mulembe, yaani amani, salamu ya Waluhya. Lakini Lubukusu hutenganisha r na l. Atakayeyaunganisha maneno hayo mawili hana budi kueleza kwanza r hiyo imetoka wapi.