Rupia, Faranga na Mshahara wa Ofisa wa Kikoloni Buha

Kati ya mwaka 1914 na 1922 vilima vya Buha, magharibi mwa Tanzania ya leo, kuanzia Kasulu hadi Kibondo na Mtendeli, vilipita mikononi mwa Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Kila serikali ilikuja na fedha yake, na kila moja ilipaswa kuamua jambo moja: ofisa ambaye mshahara wake umeandikwa kwa fedha ya Ulaya atapokea rupia ngapi Afrika, wakati thamani ya rupia inapanda na kushuka?

Tatizo hilo lilikuwa limeitikisa India, chimbuko la rupia, mapema zaidi. Rupia ilitengenezwa kwa madini ya fedha, na bei ya madini hayo ilipoporomoka, nayo ikaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilikaribia shilingi 2 za Kiingereza. Kufikia 1893 ilikuwa karibu shilingi 1 na peni 3. Maofisa Wazungu, wenye familia za kutunza Uingereza, walilalamika, na mwaka huo wakapewa posho ya fidia. Nusu ya mshahara, isiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka, ilihesabiwa kana kwamba rupia ina thamani ya shilingi 1 na peni 6. Karani Mhindi hakuipata, ingawa kodi ya Wahindi ndiyo iliyoigharimia.

Afrika Mashariki, Wajerumani walilikwepa tatizo hilo kwa kufunga kiwango. Kuanzia 1904 rupia 15 zilikuwa sawa na marki 20, na rupia moja iligawanywa hela 100. Mambo yakatulia hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia ya meli. Sarafu zikaadimika, noti za dharura zikachapishwa, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha kugonga sarafu.

Mwaka huo huo Wabelgiji waliingia Buha wakiwa na noti za Benki ya Kongo ya Ubelgiji zilizogongwa maneno ya kuonyesha kuwa nchi imekaliwa. Hapa ndipo hesabu ilipokuwa ngumu kuliko wakati wowote. Kabla ya vita pauni moja ilinunua faranga 25 hivi. Mwaka 1920 ilikaribia 50. Wakati huohuo bei ya madini ya fedha ilipaa, na mapema mwaka 1920 rupia ilikuwa imeshavuka shilingi 2. Rupia iliyokuwa chini ya faranga 2 ikapita faranga 4. Aliyelipwa kwa faranga huku sokoni watu wakidai rupia aliona mshahara wake ukiyeyuka, bila tarakimu hata moja kubadilika kwenye karatasi.

Waingereza, waliokabidhiwa Kigoma, Kasulu na Kibondo mwezi Machi 1921, walikuwa na shida tofauti. Kenya na Uganda pauni moja ilikuwa rupia 15. Mwaka 1920 London iliamua iwe 10. Mshahara wa pauni 400 ukawa rupia 4,000 badala ya 6,000, ingawa aliyetuma fedha kwao hakupoteza kitu. Rupia ikafuatwa na florini ya muda mfupi, kisha shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni, ambayo Tanganyika nayo iliitumia. Kiwango hicho kilidumu zaidi ya miaka 40, na kwa muda wote huo ofisa Mwingereza hakuhitaji fidia ya ubadilishaji. Muha aliyekwenda kukata mkonge Tanga alilipwa kwa shilingi hiyohiyo, lakini ujira wake haukuwahi kupimwa kwa gharama za familia aliyoiacha kwao Buha, huko Heru au Muhambwe. Huo ulikuwa upungufu mkubwa wa mfumo mzima.

Uingereza iliposhusha thamani ya pauni mwezi Novemba 1967, Tanzania ilikataa kuifuata, na pauni ikawa shilingi 17 na senti 14. Mwaka 1968 Tanzania ilisitisha kulipa pensheni za maofisa wa Kiingereza kwa utumishi wao wa kabla ya uhuru, na Uingereza ikajibu kwa kukata misaada. Sheria iliyoiwezesha Uingereza kubeba yenyewe pensheni za aina hiyo ilipitishwa na Bunge lake mwaka 1973.