Mzee na Moto Wake

Majira ya baridi ya mwaka 1981 kuingia 1982 yalinikuta Uingereza, nikiwa mwalimu kijana niliyepelekwa masomoni kwa mwaka mmoja. Ilikuwa baridi ya kukumbukwa. Tarehe 10 Januari 1982, huko Newport katika jimbo la Shropshire, kipimo kilishuka hadi nyuzi 26 chini ya sifuri.

Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi mjane aliyeishi kwa pensheni. Jiko la gesi la sebuleni lilikuwa na mita ya kutumbukizia sarafu. Sarafu ikiisha, moto huzimika. Kila jioni niliporudi nilikuta moto unawaka, nami nikaamini nyumba ile ina joto mchana kutwa. Siku moja nilirudi mapema kwa sababu ya homa. Nilimkuta bibi ameketi na koti, kofia na blanketi, jiko baridi kabisa. Aliponiona aliinuka haraka kutafuta sarafu. Kumbe moto ule ulikuwa wa mgeni!

Nilimwuliza kwa nini haendi halmashauri kuomba msaada. Alinijibu kwa upole kuwa watu wa kwao hawaombi.

Kwa kuwa nilisomesha historia, jibu lile lilinipeleka maktaba. Sheria ya Maskini ya mwaka 1601 iliitaka kila parokia iwatunze maskini wake kwa kodi ya wenyeji. Baadaye, ardhi ya pamoja walikookota kuni ilipozungushiwa ua na kuwa mali ya watu binafsi, mahali pengine palitengwa kipande ili mapato yake yawanunulie maskini makaa ya mawe. Kule Hampton, kando ya mto Thames, kipande cha namna hiyo kilitengwa mwaka 1811. Kiliuzwa mwaka 1988 kwa zaidi ya paundi milioni 20, na mfuko uliotokana nacho umeendelea kuwasaidia wakazi kulipia gesi na umeme.

Lakini sheria ya mwaka 1834 ilikuja na sura kali. Mwenye shida alitakiwa aingie katika nyumba ya maskini, ambako mume na mke walitenganishwa na maisha yalifanywa magumu makusudi ili watu waogope kuomba. Bibi yangu alizaliwa nyumba hizo zingali zipo. Sasa nilielewa. Hakuwa na kiburi, alirithi hofu.

Waliotunga sheria ya pensheni ya mwaka 1908 waliijua hofu hiyo. Shilingi 5 kwa wiki, kwa waliofikia miaka 70, zililipwa posta, mbali na ofisi za maskini. Vivyo hivyo, mwaka 1997 serikali ilianzisha ruzuku ya nishati ya majira ya baridi kwa kaya za wazee, tajiri kwa maskini.

Mwaka 2024 iliamuliwa kuwa, katika England na Wales, ruzuku hiyo wapewe tu wanaopokea misaada ya watu wa kipato duni. Wazee wapatao milioni 10 wakaikosa. Hoja ilikuwa na uzito: kwa nini tajiri anunuliwe moto? Lakini misaada ile sharti iombwe, na maelfu ya wanaostahili hawaombi. Mwaka 2025 uamuzi ukalegezwa, wakarudishiwa wote wenye kipato kisichozidi paundi 35,000 kwa mwaka.

Halmashauri nazo, tangu Oktoba 2021, zilipewa mfuko wa kuzisaidia kaya zenye dhiki katika England. Nionavyo mimi, huko ndiko msaada unakostahili kukaa, kwa kuwa halmashauri iko karibu na mlango wa mzee. Ila ukaribu haufai kitu ikiwa ofisa anamngojea mzee dirishani na fomu mkononi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na maiti, msomaji wangu, hajazi fomu.

Tangu siku ile ya homa nilianza kuacha sarafu juu ya mita kila asubuhi, bila kusema neno. Bibi naye hakusema neno. Lakini jioni sikuzikuta tena, na sebule ilikuwa na joto la tangu mchana.