Uraia kwa Ndoa na kwa Ukoo: Habari za Familia Zetu za Mwanza

Kamati ya jarida hili imetuomba tuandike habari za wazee waliolijenga hekalu letu. Kuhusu ujenzi, wafadhili na sherehe za ufunguzi wengine wameandika katika kurasa nyingine, nao wameandika vizuri. Sisi tumechagua jambo lisiloonekana katika picha: jinsi familia zetu zilivyopata uraia wa nchi hii, na jinsi ndoa na mahali alipozaliwa babu vilivyoamua nani abaki Mwanza na nani aondoke. Tumelichagua kwa sababu kila mwaka, baada ya sala ya jioni, kijana mmoja au wawili hutufuata na bahasha ya vyeti, wakitaka kujua kama wanaweza kupata uraia wa Uingereza kupitia bibi, au wa India kupitia babu. Majirani zetu wafanyabiashara wa Makoroboi nao hutuuliza, kwa utani ambao si utani wote, pasipoti ya pili tumeificha wapi. Sisi si wanasheria. Elimu yetu iliishia sekondari, na miaka iliyobaki imepita dukani. Lakini mafaili ya familia tumeyatunza, na tumeyasoma mara nyingi kuliko tulivyopenda.

Babu yetu alitoka Porbandar, katika rasi ya Kathiawar, Gujarat. Alishuka Mombasa, akapanda gari moshi hadi Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika tangu mwaka 1901, kisha akavuka ziwa mpaka Ukerewe. Pale Nansio alifungua duka la nguo, chumvi na mafuta ya taa, na msimu wa pamba ulipofika alinunua pamba. Baba yetu alizaliwa Nansio mwaka 1930. Mama alizaliwa Kisumu, akaletwa Mwanza kama bibi harusi mwaka 1957 kwa mojawapo ya zile meli za mvuke zilizokuwa zikizunguka ziwa, Usoga na Rusinga. Siku hizo wachumba walitafutwa Kisumu, Jinja, Kampala, Bukoba na Musoma kana kwamba ziwa lote lilikuwa mtaa mmoja. Bendera ilikuwa moja, na hatujasikia mzee yeyote aliyeuliza posa ikipelekwa kwamba binti huyu ni raia wa wapi.

Swali hilo lilikuja kuulizwa tarehe 9 Desemba 1961.

Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, kisha chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo aliyezaliwa hapa hakuwa raia wa Uingereza kwa kuzaliwa. Alihesabiwa kuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, hadhi isiyompa nchi yoyote ya kuiita yake. Aliyezaliwa Kenya alikuwa Raia wa Uingereza na Makoloni. Katiba ya uhuru ilisema kwamba mtu aliyezaliwa Tanganyika angekuwa raia siku hiyo hiyo bila kuomba, mradi mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Tanganyika. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi wote wawili waliozaliwa ng'ambo alipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa, na kukana uraia mwingine wowote aliokuwa nao.

Tuipime sheria hiyo katika nyumba yetu. Bibi yetu mzaa baba, tuliyemwita Ba, alikuwa na pasipoti ya India. Katiba ya India ya mwaka 1950 iliwaruhusu watu waishio ng'ambo kujiandikisha kwa mabalozi wake kama wao, mzazi au babu yao alizaliwa India, naye Ba aliandikishwa kupitia ofisi ya Kamishna wa India iliyokuwa Nairobi. Baba alikuwa mtu wa chini ya ulinzi. Mama alikuwa Raia wa Uingereza na Makoloni. Dada yetu mkubwa naye vivyo hivyo, maana desturi yetu ni binti kurudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, hivyo akazaliwa Kisumu. Na sisi, tuliozaliwa Mwanza mwaka 1960 kwa baba aliyezaliwa Nansio, tuliamka asubuhi ile tukiwa raia wa Tanganyika, mtu pekee katika nyumba nzima, na hata kusimama vizuri bado. Ba alizoea kusema kwamba serikali imemchagua anayelowesha nguo.

Wasomaji vijana wasidhani kwamba mlango huo ulifunguka wenyewe. Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa bungeni, wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, aliwakatalia kwa hasira. Alisema kwamba kubagua watu kwa rangi ndiko walikokuwa wakipigana nako, na kwamba muswada ukishindwa serikali yake itajiuzulu. Baba alisoma habari hizo gazetini, akalikata gazeti na kuliweka katika sanduku la bati. Tunalo hadi leo. Mwanza tulikuwa na fahari nyingine pia: Amir Jamal, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1922, alikuwa waziri katika serikali hiyo.

Hata hivyo baba alichelewa. Si kwa kukosa mapenzi bali kwa kukosa cheti. Babu hakuwahi kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Kilichokuwepo ni daftari la duka, ambalo babu aliandika ndani yake, kwa Kigujarati, kati ya deni la mteja na bei ya mzigo wa kanga, kwamba amepata mtoto wa kiume. Tatizo lilikuwa mwaka. Daftari zetu hufunguliwa wakati wa Diwali na huhesabiwa kwa kalenda ya Vikram, iliyo mbele kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka ulioandikwa ulikuwa 1986. Karani aliyetafsiriwa maandishi hayo mwanzoni mwa 1963 alimtazama baba, akalitazama daftari, akasema kwa upole kwamba hawezi kumwandikisha mtu ambaye atazaliwa baada ya miaka ishirini na mitatu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja Mkerewe, jirani wa duka la Nansio. Alivuka ziwa kwa gharama yake, akaapa mbele ya hakimu kwamba siku baba alipozaliwa yeye ndiye aliyetumwa kumwita mkunga. Baba aliandikishwa miezi michache kabla ya tarehe 9 Desemba 1963, siku ya mwisho. Mama aliandikishwa baada yake, kwa kuwa sheria ilimpa mke wa raia haki hiyo, akatia sahihi tamko la kuukana uraia wa Uingereza. Siku tatu baada ya mlango wa Tanganyika kufungwa, Kenya ikapata uhuru kwa kanuni inayofanana, na dada yetu akawa raia wa Kenya kwa usiku mmoja, kwa sababu yeye na mama yake wote walizaliwa kule. Ikambidi baba aanze tena kuandika barua, safari hii kuomba mtoto mdogo aandikishwe kwa uraia wa baba yake.

Ndugu mdogo wa baba hakuandikishwa. (Kwa Kigujarati baba mdogo huitwa kaka, jambo lililowachanganya majirani zetu maisha yao yote.) Alizaliwa Nansio kama baba, na ushahidi wa yule mzee ungemfaa, lakini alisema ataangalia kwanza mambo yatakavyokuwa. Miaka miwili ikapita. Kuanzia hapo njia yake pekee ilikuwa tajnisi, inayotegemea hiari ya serikali, naye akabaki kuishi kwa kibali katika mji aliokulia. Miaka ya sabini alikwenda Uingereza kwa hati maalumu ya kuingilia. Hati hizo zilitolewa kwa wakuu wa kaya, na mwanamke aliyeolewa kwa kawaida hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya, hata kama yeye ndiye mwenye pasipoti ya Uingereza na mumewe hana. Hatumlaumu baba mdogo. Wengi walifanya kama yeye, na waliojiandikisha nao hawakuwa na hakika.

Upande wa mama mambo yalikuwa mazito zaidi. Mjomba wa Kisumu alishika pasipoti yake ya Uingereza. Mapema mwaka 1968 habari zilienea kwamba Bunge la London litafunga mlango, naye akaondoka na watoto kabla ya tarehe 1 Machi, sheria ilipoanza kutumika. Sheria ile ilisema kwamba mwenye pasipoti ya Uingereza ataingia bila kizuizi kama yeye, mzazi au babu yake alizaliwa au alipewa uraia kule kule Uingereza. Haikutaja rangi popote, wala haikuhitaji kuitaja.

Mama mdogo aliolewa Jinja. Mumewe aliomba uraia wa Uganda. Yeye alibaki na wa Uingereza. Agosti 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku tisini, waliodai kuwa raia walitakiwa kupeleka karatasi zao zikaguliwe, na nyingi zilikataliwa kwa madai kwamba uraia wa zamani haukukanwa kwa wakati. Mume wa mama mdogo akatoka pale bila nchi. Mke na watoto walipokelewa Uingereza. Yeye alipelekwa kambi ya wakimbizi Austria, akakaa zaidi ya mwaka akisubiri kuruhusiwa kumfuata mke wake. Mama alikuwa akitusomea barua zake jioni. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini baba alihangaika na lile daftari.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba uraia haukutukinga na kila kitu. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na ya raia hayakuachwa. Wengi wa waliokuwa wakija hekaluni nasi waliondoka baada ya hapo, wakiwemo walioandikishwa mwaka mmoja na baba.

Sasa tuwajibu wenye bahasha. Bibi aliyezaliwa Kisumu au Mwanza hakupi uraia wa Uingereza. Kabla ya mwaka 1983 sheria ya Uingereza ilipitisha uraia kwa baba, si kwa mama, na marekebisho yaliyofanywa baadaye hayamsaidii ambaye ukoo wake haukuwa na mzizi katika visiwa vile. Wakala anayekuahidi vinginevyo anataka ada yake. Kuhusu India, kadi ya OCI inaweza kutolewa kwa mtoto, mjukuu na kitukuu wa raia wa India, na kwa mwenzi wake baada ya ndoa kudumu miaka miwili. Kadi hiyo si uraia: haikupi kura wala haki ya kununua shamba, na kwa hiyo haigongani na sheria yetu, ambayo hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Majirani wakiiona kadi hiyo, basi, wajue si ile pasipoti waliyokuwa wakiitafuta.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inasikitisha katika jambo moja, nasi tunalisema wazi kwa kuwa limeingia nyumbani kwetu. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba tajnisi wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume mgeni aliyemwoa binti Mtanzania hana njia hiyo. Anafuata njia ya mgeni yeyote: makazi ya jumla ya miaka saba, ujuzi wa Kiswahili au Kiingereza, mwenendo mwema, na uamuzi wa waziri asiyelazimika kueleza sababu. Wana wetu wameleta wake kutoka Rajkot na Bhuj, nao wameandikishwa. Binti yetu ameleta mume kutoka Rajkot, anayesimamia hesabu za duka letu kuliko tulivyowahi kuzisimamia sisi, naye angali mgeni mwenye kibali.

Mwaka jana walijaliwa mtoto wa kiume, akazaliwa hapa Mwanza, katika hospitali ya Bugando. Kwa kuzaliwa hapa na mama yake, ni Mtanzania. Baba yake alitaka pia aandikishwe katika ubalozi wa India kabla ya mwaka kwisha, ili wakirudi siku moja wasitenganishwe forodhani. Tulibishana naye majuma mengi, na hofu yake hatukuweza kuiita upuuzi, kwa kuwa barua za kambi ya Austria tunazo. Mwishowe binti yetu ndiye aliyekataa. Mkwe wetu aliufunga mjadala kwa kuchukua daftari jipya la Diwali na kuandika humo, kwa Kigujarati, kwamba amepata mtoto wa kiume. Tulimwomba aandike miaka yote miwili, wa Vikram na wa kawaida, na chini yake majina ya majirani wawili waliokuwepo.