Mafahali Wawili, Zizi Moja: Waliomaliza Sawa katika Safari Rally ya 1973



Wahenga walitufundisha kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tunaoishi Majengo, ambako nyumba zimesongamana hata kikohozi cha jirani husikika, twajua kwamba methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya ng'ombe. Ugomvi mkali mara nyingi hauzuki kati ya watu wasiofahamiana. Huzuka kati ya walimu wawili wa shule moja, waimbaji wawili wa kwaya moja, au ndugu wawili wanaolingojea shamba moja la baba yao. Safari hii tumeonelea tulitazame jambo hilo kwa jicho la historia, na tumechagua uwanja ambao huenda wengi wenu hawakuutarajia: mashindano makubwa ya mbio za magari, na hasa ushindani wa madereva wawili wanaoendesha kwa ajili ya timu moja.

Kwanza tueleze kwa nini ushindani huo huwa mkali kuliko mwingine wote. Dereva akishindwa na mtu wa timu nyingine, ana maneno ya kujitetea. Atasema gari la mwenzake lina injini yenye nguvu zaidi, au magurudumu yake yanashika barabara vizuri zaidi. Lakini akishindwa na mtu wa timu yake, maneno hayo humwishia kinywani. Gari ni lilelile, mafundi ni walewale, vipuri vimetoka sanduku moja. Mwenzake ndiye kioo chake. Tena maslahi yao hayalingani na maslahi ya tajiri wao. Kampuni iliyotengeneza magari hayo hufurahi vilevile akishinda huyu au yule, kwa kuwa jina litakaloandikwa katika magazeti ni la gari. Kwa madereva wenyewe mambo ni tofauti kabisa, kwa sababu kombe huinuliwa na mmoja tu.

Mashindano ya namna hiyo yaliyo karibu nasi zaidi ni Safari Rally ya Afrika Mashariki. Yalianzishwa mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika majira ya Pasaka, wakati masika yanapoanza kunyesha, hivi kwamba dereva aliweza kula vumbi asubuhi na kuzama katika tope jioni. Magari hayakuanza yote kwa pamoja. Yaliondoka moja baada ya jingine, na kila moja lilitakiwa kufika kwenye kituo cha ukaguzi kwa muda uliopangwa. Aliyechelewa aliandikiwa alama za adhabu kwa kadiri ya dakika alizochelewa. Baada ya siku kadhaa na maelfu ya kilomita, aliyekuwa na alama chache zaidi za adhabu ndiye aliyetangazwa mshindi. Hayakuwa, basi, mashindano ya kukimbizana ana kwa ana. Kila mmoja alipigana na saa na njia, na habari za mwenzake alizipata vituoni.

Miongoni mwa waliong'ara katika mashindano hayo ni Shekhar Mehta, mtu mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Kampala mwaka 1945, katika familia iliyomiliki mashamba makubwa nchini Uganda. Mwaka 1971 aliendesha Datsun 240Z, gari la Kijapani, akamaliza wa pili. Aliyemtangulia ni Edgar Herrmann, naye akiwa katika Datsun 240Z. Kwa hiyo Mehta alionja mapema uchungu wa kushindwa na mwenzake wa timu. Mwaka uliofuata alionja uchungu mwingine, mkubwa kupita ule wa michezo. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliopoteza makao, naye akahamia Kenya. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kuacha nyumba kwa amri ya mwenye bunduki. Wapo kati yetu waliobeba magodoro yao zaidi ya mara moja.

Ilipofika Pasaka ya mwaka 1973, Mehta alianza tena mashindano katika Datsun 240Z, akiwa na msaidizi wake Lofty Drews. Katika gari jingine la Datsun, la aina tofauti lakini la timu hiyohiyo, alikuwamo Harry Källström wa Uswidi pamoja na msaidizi wake Claes Billstam. Källström hakuwa mtu wa kubezwa. Alikuwa amekwisha kushinda mashindano ya RAC ya Uingereza miaka miwili mfululizo, 1969 na 1970. Mwaka huo wa 1973 ulikuwa pia mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mashindano ya rali, na Safari ilihesabiwa ndani yake. Magari yalipomaliza na hesabu kufanywa, ilionekana jambo la ajabu: Mehta na Källström walikuwa na alama za adhabu sawasawa. Maelfu ya kilomita, siku na usiku, vumbi na tope, na mizani haikuelemea upande wowote.

Nani apewe kombe? Kanuni ya mashindano ilikuwa imekwisha kulijibu swali hilo kabla gari la kwanza halijaondoka: wakilingana wawili, atashinda yule aliyesafiri mbali zaidi tangu mwanzo bila kuandikiwa adhabu. Mehta ndiye aliyekuwa amekwenda mbali zaidi akiwa safi. Akapewa ushindi, na Källström akawa wa pili.

Tuitafakari kidogo kanuni hiyo. Ikiwa Mehta alikaa muda mrefu zaidi bila adhabu, na mwishowe wakalingana, ina maana kwamba Källström alikosea mapema, kisha tangu hapo akapoteza kidogo kuliko mwenzake. Mtu angeweza kutunga kanuni iliyo kinyume, akisema kwamba anayestahili zaidi ni yule aliyejikaza mwishoni, wakati gari limechoka na mwili umechoka. Kwa kanuni hiyo, Källström angekuwa bingwa. Basi kanuni haikuthibitisha kwamba mmoja ni dereva bora kuliko mwingine. Iliwapa wote wawili njia ya kumaliza shauri bila mmoja kumwita mwenzake mwizi. Nguvu yake haikutokana na kuwa kamilifu. Ilitokana na kuwa wazi, kujulikana na wote, na kuandikwa wakati hakuna aliyejua itamfaa nani.

Umuhimu wa jambo hilo huonekana tukivuka bahari na kutazama mbio za Formula One, ambazo jirani zetu wa Kenya huziita langalanga. Tarehe 25 Aprili 1982, huko Imola nchini Italia, magari mawili ya Ferrari yalikuwa yakiongoza. Moja liliendeshwa na Gilles Villeneuve wa Kanada, jingine na Didier Pironi wa Ufaransa. Timu iliwaonyesha ubao wenye neno moja tu, la kuwataka wapunguze mwendo. Villeneuve alielewa kwamba kila mtu abaki mahali pake, naye akiwa mbele. Pironi alielewa kwamba wayatunze magari, lakini mashindano yanaendelea. Katika mzunguko wa mwisho Pironi akampita, akashinda. Villeneuve aliona amesalitiwa, akaapa kutosema naye tena. Wiki mbili baadaye, tarehe 8 Mei, huko Zolder nchini Ubelgiji, Pironi alikuwa na muda bora kuliko wake katika majaribio ya kupanga nafasi. Villeneuve akatoka tena barabarani, akaligonga gari lililokuwa likienda polepole, akafa. Agosti ya mwaka huohuo Pironi naye alivunjika miguu katika ajali huko Ujerumani, asirudi tena katika Formula One. Alifariki mwaka 1987 katika mashindano ya mashua. Baada ya kifo chake mwenzi wake alijifungua mapacha wa kiume, nao wakaitwa Gilles na Didier. Mama huyo aliyaweka pamoja majina ambayo wenyewe hawakuwahi kupatana.

Mfano wa pili ni Ayrton Senna wa Brazili na Alain Prost wa Ufaransa, katika timu ya McLaren. Mwaka 1988 timu hiyo ilishinda mashindano 15 kati ya 16: Senna manane, Prost saba. Mwaka 1989, hukohuko Imola, wawili hao walikuwa wamepatana kwa mdomo kwamba atakayetangulia mwanzoni asishambuliwe kwenye kona ya kwanza ya kupigania. Mashindano yakasimamishwa kwa sababu ya ajali ya dereva mwingine, kisha yakaanzishwa upya. Prost alitangulia, Senna akampita. Je, mapatano yalihusu mwanzo wa kwanza tu, au na wa pili pia? Hakuna karatasi iliyosema. Tangu siku hiyo imani ikafa kati yao. Oktoba mwaka huo waligongana huko Suzuka nchini Japani. Senna aliendelea na kumaliza mbele, lakini akaondolewa katika matokeo, na ubingwa ukaenda kwa Prost, ambaye alihamia Ferrari. Senna alipofariki katika ajali mwaka 1994, Prost alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake.

Tukiyaweka matukio haya kando kwa kando, twaona kwamba kosa halikuwa kushindana. Mehta na Källström walishindana kwa nguvu zote. Tofauti imo katika neno lililowaunganisha. Safari ya 1973 ilikuwa na kanuni iliyoandikwa. Imola ya 1982 ilikuwa na ubao wenye neno moja lililosomwa kwa maana mbili. Imola ya 1989 ilikuwa na ahadi ya mdomo isiyo na mashahidi wa kutosha. Hata wenye chukudu wanaoteremsha makaa na viazi kutoka Kibumba hulijua somo hili: ujira wa msukumaji husemwa chini ya mlima, kabla ya kupanda. Anayengoja kuusemea kileleni ameutafuta ugomvi mwenyewe.

Lakini kanuni, hata ikiwa wazi, si mwisho wa mambo. Septemba 1956, huko Monza, Juan Manuel Fangio wa Ajentina aliharibikiwa gari lake akiwa anawania ubingwa wa dunia. Wakati ule sheria iliruhusu dereva kumpisha mwenzake katika gari lake. Luigi Musso, wa timu hiyohiyo ya Ferrari, aliposimama kwa mafundi hakukubali kumpisha, na sheria haikumlazimu. Kisha akasimama Peter Collins, kijana Mwingereza mwenye umri wa miaka 24, ambaye naye alikuwa bado na nafasi ya kuwa bingwa. Collins akashuka, akampa Fangio gari. Fangio akamaliza wa pili, akatwaa ubingwa. Collins alikufa mashindanoni huko Ujerumani mwaka 1958, bila kuwa bingwa hata mara moja. Hatumlaumu Musso, maana alidai kilicho chake. Twasema tu kwamba haki huzuia vita kati ya wenzi wawili, na ukarimu wa mmoja wao huweza kufanya ambalo haki haiwezi kuamuru.

Mehta aliendelea. Alishinda Safari miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akafikisha ushindi mara tano. Mwaka 1980 na tena 1981, aliyemaliza wa pili nyuma yake alikuwa mwenzake wa timu, Rauno Aaltonen wa Ufini. Aaltonen alikuwa bingwa wa Ulaya wa mwaka 1965 na mshindi wa Monte Carlo wa mwaka 1967, lakini Safari hakuipata kamwe, ingawa aliirudia mara nyingi. Mambo hayo hayajaisha. Mwaka 2023, Safari iliyofanyika Naivasha, timu ya Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, na Sébastien Ogier akamshinda mwenzake Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7 tu.

Wahenga wengine walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake ni kwamba mtu wa tatu asijitie kati yao. Sisi twaongeza neno kwa wale walio ndani ya zizi. Katika kamati zetu, katika shule zetu na katika familia zinazogawana urithi, tujiulize maswali haya kabla ya mbio kuanza. Tukilingana, ni nani atakayetangulia, na kwa kanuni gani? Kanuni hiyo imeandikwa, au kila mmoja anaibeba kichwani kwa maana yake? Na yule atakayekuwa wa pili, tumemwandalia nafasi gani ya heshima? Tuyajibu leo, wakati bado hakuna ajuaye jibu litamfaa nani.