Jina Lililochelewa Siku Tano

Chukua kalenda ya mwaka 1964 uitazame vizuri. Tarehe 12 Januari, Mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles wanaasi katika kambi ya Colito na Dar es Salaam inatetemeka. Tarehe 26 Aprili, Tanganyika na Zanzibar zinaungana. Tarehe 1 Septemba, linazaliwa jeshi jipya, JWTZ. Mwaka huo si mchezo! Halafu, nchi ikiwa bado haijapumua, tarehe 10 Oktoba Michezo ya Olimpiki inafunguliwa Tokyo, Japani, na safari hii na sisi tumo. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza.

Tulikwenda kwa jina gani? Hapo ndipo hadithi inaponoga. Wakati ule nchi yetu iliitwa rasmi Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu kama treni ya mizigo ya Reli ya Kati. Lakini katika kumbukumbu za Olimpiki wanariadha wetu waliandikwa "Tanganyika". Michezo ikafungwa tarehe 24 Oktoba. Tarehe 29 Oktoba, siku tano tu baadaye, ikatangazwa kwamba nchi itaitwa Tanzania. Siku tano! Jezi hazijakauka jasho, jina limeshabadilika.

Na haikuwa mara ya kwanza kupishana na historia namna hiyo. Mwaka 1962 Tanganyika ilishiriki michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth, Australia, kuanzia tarehe 22 Novemba hadi tarehe 1 Desemba. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja. Joto la Perth lilipita nyuzi 40, na Mkenya Seraphino Antao, kijana wa Mombasa, akawatimulia vumbi wote katika yadi 100 na yadi 220. Sisi tulikuwa bado tunamhesabu Malkia wa Uingereza kuwa mkuu wa nchi. Siku nane baada ya michezo kufungwa, tarehe 9 Desemba, tukawa Jamhuri. Kwa hiyo mara mbili tumekwenda ugenini tukiwa jambo moja, na mara mbili tumekuwa jambo jingine kabla wiki mbili hazijapita.

Nilipokuwa nafuatilia habari hizi nilimweleza mzee mmoja wa hapa Morogoro, pale kijiweni karibu na Soko Kuu. Mwaka 1964 yeye alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Sasa mjukuu wangu, hao watu wa Tokyo walileta nini?"

"Hawakuleta medali, mzee."

"Basi wewe unaandika nini?"

Swali hilo limenikaa kichwani. Ni la haki kabisa, nami naomba nilijibu hapa mbele yenu, vijana wenzangu.

Kwanza, tuwapime wale watu kwa mizani ya siku zao. Katika Tokyo hiyo hiyo Mkenya Wilson Kiprugut alipata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Lakini Kenya ilikuwa imeanza kushiriki Melbourne mwaka 1956, ingali koloni. Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu, alishinda tena Tokyo wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Sisi tulikuwa wageni kabisa, pamoja na Senegal, Mali, Niger, Chad, Kameruni na wengine waliokanyaga hapo kwa mara ya kwanza. Hata Baraza la Michezo la Taifa halikuwapo. Sheria yake ilitungwa mwaka 1967. Unategemea mavuno gani katika shamba ambalo hata mipaka haijapimwa?

Tena hatukuwa peke yetu kwa mkanganyiko wa jina. Majirani zetu waliingia Tokyo wakiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Siku ya kufunga, tarehe 24 Oktoba, nchi yao ikapata uhuru, nao wakatoka uwanjani chini ya bendera ya Zambia. Wenzetu jina liliwakuta uwanjani. La kwetu likachelewa siku tano.

Na hilo jina lenyewe, mnajua lilipikwa wapi? Mohamed Iqbal Dar, mmoja wa wanaotajwa kulibuni, alikuwa mwanafunzi hapa hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mwenyewe amesimulia kwamba aliona tangazo gazetini la kutafuta jina la nchi mpya. Akachukua TAN ya Tanganyika, akachukua ZAN ya Zanzibar, akaongeza I ya Iqbal na A ya Ahmadiyya, dhehebu lake. Alisema pia kwamba wapo wengine waliopeleka jina hilo hilo. Haidhuru. Wewe unayeficha mashairi yako chini ya godoro, lifikirie hilo: mwaka ule ule wanariadha wanakimbia Tokyo, kijana wa shule yuko Morogoro na kalamu na karatasi, anatafuta neno litakaloandikwa vifuani mwa wale watakaowafuata.

Nao walifuata kweli. Mexico mwaka 1968, John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni, akaumia goti, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde. Kifuani aliandikwa Tanzania, na dunia haijamsahau. Mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza mita 1,500 kutoka mwanzo hadi mwisho na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Nyuma yake alikuwepo John Walker, mwenyeji.

Dunia nzima ikasubiri hao wawili wakutane tena Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini kwa makaburu, wakati damu ya watoto wa Soweto bado mbichi. Nchi za Afrika zaidi ya 20 zikasusia Olimpiki, Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Bayi alingoja hadi Moscow mwaka 1980, akapata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000. Hadi michezo ya Paris mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali zetu zote za Olimpiki.

Jamani, roho inauma! Siwezi kudanganya kwamba haiumi. Mwanariadha ana miaka michache tu ya miguu yake, na sisi tulimwomba Bayi atoe mmoja ulio bora.

Lakini nenda Mazimbu, hapo nje kidogo ya mji wetu. Mwaka 1977 serikali iliwapa ANC ardhi ya lililokuwa shamba la mkonge, wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Vijana waliokimbia nchi yao baada ya Soweto walisoma hapo, wakitazama Uluguru ile ile tunayoitazama sisi. Mwaka 1992 wakaturudishia majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kususia Montreal na kutoa Mazimbu vilitoka katika moyo mmoja.

Sasa, mzee wangu wa kijiweni, jibu langu ni hili. Asiyealikwa hawezi kususia karamu. Ili kiti chako kikiwa kitupu watu waulize umekwenda wapi, lazima kwanza uwe umewahi kukikalia. Wale wa Tokyo hawakuleta medali, walituwekea kiti. Bila wao, mwaka 1976 tungekasirika nyumbani na hakuna ambaye angesikia.

Vijana wenzangu, wazee waliosikia jina Tanzania likitangazwa mara ya kwanza bado wako mitaani kwetu, Mwembesongo, Kilakala, na huko juu milimani wanakoshusha ndizi kila alfajiri. Hawatakuwapo siku zote. Chukua daftari, mwamkie mzee shikamoo, umuulize alikuwa wapi tarehe 29 Oktoba 1964. Usimkatize. Andika.