Pamba Chini ya Boneti

Reli iliyotoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, Malampaka ikawa miongoni mwa vituo vyake baina ya Shinyanga na Ziwa Viktoria, na sifa yake yote tangu hapo imetokana na pamba ya Maswa, ambayo ilikuwa na haja ya njia ya kuifikisha bandarini na kuivusha bahari. Msukuma aliyeilima aliichuma kwa mkono, akaitenga iliyo safi na ile fifi iliyotiwa madoa na wadudu au mvua, kisha akaipeleka mizanini. Na kwa kuwa mizani ya wanunuzi ililalamikiwa sana katika Jimbo la Ziwa, wakulima wakajiundia vyama vyao, hata ilipotimu mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani. Katika historia ya tijara ya nchi hii sioni jambo lililowapa wakulima heshima kuu kuliko hilo.

Pamba hiyo ilihitaji malori, na lori lilikuja na jambo ambalo aghalabu halitajwi katika habari za zao hili. Katika magari ya kale, chini ya boneti palikuwa na bati tupu, nayo injini ikinguruma, bati likitetema pamoja nayo, na joto likipanda moja kwa moja hadi kwenye rangi na kuifubaza. Watengenezaji walipotaka kuwapa abiria utulivu wakatafuta kitu chepesi cha kunyonya sauti na kuzuia joto, wakakipata katika jamii ya vitu vilivyodharauliwa: matambara yaliyochakaa, mabaki ya viwanda vya nguo, na zile nywele fupi zinazosalia juu ya mbegu baada ya pamba kuchambuliwa. Sanaa ya kurarua matambara hata yarudi kuwa nyuzi ilikuwa imekwisha anzishwa Batley, huko Uingereza, na Benjamin Law mwaka 1813, kwa sufu ya kondoo. Waliomfuata wakaitumia kwa pamba, wakazichanganya nyuzi na gundi ya utomvu, wakazishindilia katika kalibu ya moto, likatoka godoro jembamba, gumu, lenye umbo la boneti yenyewe. Baada ya kampuni ya Owens-Corning kuundwa Marekani mwaka 1938, nyuzi za kioo nazo zikaenea katika kazi za kuzuia joto, magari yakiwamo. Walakini pamba haikufukuzwa, na hata leo magari mengi huvikwa pamba iliyorejelewa.

Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaingia katika pamba, na magari yaliyokwisha tumika Japani yakaingia nchini kwa wingi. Gari la namna hiyo hufika na godoro lake likiwa limekwisha pigwa na joto la miaka mingi: vishikizo vya plastiki vimekatika, katikati pamelegea, nalo limelowa mafuta. Fundi huling'oa, na wengi huishia hapo, wakaliacha bati tupu kama lilivyokuwa zamani. Wengine hubandika kipande cha godoro la sponji, na jambo hilo nalikataza kwa nguvu zangu zote, maana sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Afanyaye kwa haki hufunika pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la nyuzi za kioo huumiza kifua. Huparua gundi ya kale hadi bati lionekane safi. Hupima umbo kwa boksi la karatasi, akiepusha bawaba na komeo. Kisha hukata kitu kisichoshika moto, na kukifunga kwa vishikizo vipya pasipo kuitegemea gundi peke yake.

Pamba yenyewe yaweza kuwa kitu hicho, maadamu imetiwa asidi ya boriki, dawa ambayo kwayo watengeneza magodoro wa nchi nyingine huizuia pamba isishike moto. Hapo ndipo moyo wangu husikitika. Tanzania huuza nje sehemu kubwa ya pamba yake kabla haijasokotwa, na gari hununuliwa likiwa na pamba ya watu wengine chini ya boneti, ilhali malighafi ya godoro lile imelala viwandani mwa Simiyu, mkoa ilimo Maswa, kila msimu wa mavuno. Kazi ya kushindilia mabaki si kubwa kama kusokota uzi au kufuma kitambaa, wala haidai pamba ndefu wala nyeupe: pamba fifi yatosha, na nywele zile fupi zatosha zaidi. Lakini nywele hizo, kwa kuwa hazinyolewi, aghalabu hukamuliwa pamoja na mbegu, yakatoka mafuta ya kupikia, nazo zikaenda na mashudu kwa ng'ombe.