"Mtandao Unasumbua": Historia Fupi ya Ahadi Moja

Wasomaji wangu, mniwie radhi kwa ukimya wa wiki kadhaa. Kazi za gazeti zimenibana. Leo nimerudi na jambo lililonikaa kooni.

Mwezi uliopita nilisimama kwenye dirisha la dawa la hospitali moja hapa Dar, nikimnunulia shangazi dawa. Malipo ni kwa simu. Nikabonyeza, kimya. Nikarudia, kimya. Mara ya tatu kaka wa dirishani akatamka maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: "Mtandao unasumbua." Nyuma yangu foleni nzima ilikuwa inabonyeza na kurudia kama mimi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alichoka, akaondoka bila dawa. Baadaye nikakuta pesa yangu imekatwa mara mbili.

Nikajiuliza: hivi hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akapiga hesabu ya mteja kusubiri? Kumbe yupo, tena wa siku nyingi.

Anaitwa Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Mwaka 1909 alichapisha andiko lililoonyesha kwamba simu za watu huingia ovyo, lakini uovyo huo una kanuni zake. Mwaka 1917 akatoa fomula ya kukokotoa ni wapigaji wangapi watakosa laini. Kipimo cha mzigo wa simu kikaja kuitwa erlang: laini moja iliyo na shughuli saa nzima ni erlang 1. Ukitaka asikose zaidi ya mpigaji 1 kati ya 100, laini 10 zinabeba erlang 4.5 hivi. Lakini laini 100 zinabeba kama 84! Laini zikitumika kwa pamoja, kila moja inafanya kazi zaidi. Wahenga walishasema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Muhimu zaidi ni hili: kampuni iliweza kuahidi kiwango cha kushindwa, kisha ikajenga kwa kufuata ahadi hiyo.

Miaka ya 1960 Paul Baran kule Marekani na Donald Davies kule Uingereza, kila mmoja kivyake, wakaja na wazo la kukata ujumbe vipande vipande, yaani paketi. Simu ya zamani ilikuwa kama kukodi teksi: njia nzima ni yako hadi ukate. Paketi ni daladala. Nafuu, zinabeba wengi, ila barabara ni ya wote, na foleni ni ya wote.

Foleni yenyewe ilikuja Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Sababu? Kompyuta zisipopata jibu zilituma tena, na kila zilipotuma tena zikazidisha msongamano. Sisi wa dirisha la dawa kabisa! Van Jacobson akaeleza dawa yake mwaka 1988: anza taratibu, na ukiona paketi zinapotea, punguza.

Hiyo iliokoa intaneti, lakini haikuahidi mtu chochote. Mwaka 1997 ukaja utaratibu wa RSVP wa kukata nafasi mapema njiani. Tatizo, kila ruta ilibidi ikumbuke kila safari, mzigo usiobebeka kwenye mitandao mikubwa. Mwaka 1998 wakaja na DiffServ: paketi zigawanywe madaraja, za haraka zipite kwanza.

Siku hizi mitambo mingi ya simu imegeuzwa programu ndani ya kompyuta za wingu, na programu hizo zimekatwa kuwa huduma ndogondogo. Ombi moja linaweza kugonga milango mingi: huyu ni nani, ana salio, anamlipa nani. Mwaka 2013 Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google walitoa hesabu iliyonitisha. Kama kila seva inachelewa mara 1 tu kati ya 100, ombi linalosubiri majibu ya seva 100 litachelewa mara 63 kati ya 100. Huduma moja moja ni nzima, mteja anaumia.

Dawa ni zilezile za wazee: tenga nafasi kwa kazi zisizoweza kungoja, panga foleni kwa umuhimu, zuia kurudia-rudia kiholela. Na malipo yawe na namba yake, ili ombi likirudiwa lihesabiwe mara moja tu.

Nakiri kosa langu. Nimehudhuria mikutano mingi ya waandishi na makampuni ya simu, na swali langu siku zote lilikuwa, "Mtandao wenu una kasi gani?" Wakanitajia tarakimu nono, nikaandika, tukanywa soda. Swali nililopaswa kuuliza ni la Erlang: kati ya watu 100, wangapi wanakwama, na wa mwisho anangoja muda gani?

Yule mama alikuwa wa mwisho. Mkutano ujao nitamuulizia. Nawe umeshakwama wapi? Niandikie hapo chini.